Wanangu, Tazameni Stoo Kabla ya Mashine

Wanangu wachapaji, nanyi ndugu zangu wenye viwanda, sogeeni. Haya nitakayoyasema nimeyasema miaka mingi, na zamani niliyasema kwa ukali. Sasa ukali umeniishia, umebaki uchovu na mapenzi yangu kwa kazi hii. Mwenye kusikia na asikie.

Kila masika yakiingia hapa Dar es Salaam huanza kupigiwa simu. "Shikamoo mzee, mashine imetushinda, rangi hazikai." Nikifika namkuta fundi ameshika spana. Ameshakaza na kulegeza, amebadilisha blanketi, ameosha rola, amepunguza maji, ameongeza maji, na muuza wino ameshatukanwa hata kabla hajaulizwa. Naitazama mashine, sioni kosa lake. Ndipo naomba kuonyeshwa karatasi zinakokaa, na hapo watu hutazamana, maana stoo ni mahali ambapo mgeni hapelekwi.

Nikishaingia sina haja ya kuuliza tena. Rimu zimelazwa juu ya saruji. Nyingine zimeegemezwa ukuta unaopigwa na mvua kwa nje. Dirisha liko wazi, eti hewa ipite. Rimu zilizochanwa juzi kwa kazi ya mteja mwingine zimefunikwa gazeti tu. Pembeni kuna ndoo ya maji ya deki. Halafu naambiwa mashine ndiyo mbovu.

Neno langu leo ni moja. Kazi nyingi za ofseti zinazoharibika katika ukanda huu wa pwani huharibikia stoo, kabla fundi hajawasha mota. Mashine inatoa tu habari za mahali karatasi ilikolala.

Tuanze na hulka ya karatasi yenyewe, maana asiyemjua mtu hawezi kuishi naye. Karatasi ni nyuzi za miti zilizopondwa, zikachanganywa na maji mengi, zikachujwa, zikakaushwa. Inapotoka kiwandani huwa imebakiza maji kidogo ndani yake, asilimia 5 hivi ya uzito wake, na kiasi hicho ndicho kinachoifanya ilale imenyooka. Lakini nyuzi hizo hazijaacha kupenda maji. Hewa ikijaa unyevu, karatasi hunywa. Hewa ikikauka, karatasi hutema. Kila mama wa pwani anajua jinsi chumvi aliyoiacha wazi jikoni wakati wa masika inavyoamka imelowa bila mtu kuimwagia tone la maji. Karatasi ina tabia hiyo hiyo, ila yenyewe hailowi ukaona. Unaishika mkononi, unasema kavu, kumbe imeshakunywa.

Uzi wa karatasi ukinywa hunenepa sana na kurefuka kidogo mno. Na kule kiwandani, karatasi ikiwa bado rojo inayokimbia juu ya wavu, nyuzi nyingi hulala kuelekea upande mmoja, ule mashine inakokwenda. Kwa hiyo karatasi ikipata unyevu haitanuki sawa pande zote. Hutanuka kidogo kufuata nyuzi zilivyolala, na mara kadhaa zaidi kuzikata. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Sasa njooni kwenye rimu iliyochanwa jioni na kuachwa juu ya meza mpaka asubuhi, mvua ikinyesha nje. Inameni, macho yawe usawa wa meza, muitazame kwa ubavu. Mtaona kingo zimepanda na kushuka, na katikati pametulia. Sababu ni kwamba karatasi za lundo zimebanana, hewa haifiki katikati, inapenya pembeni tu. Ukingo umekua, katikati hapajakua, na ukingo uliokua hauna pa kwenda ila kuinuka. Karatasi ile ikiingia mashinani, silinda inayabana mawimbi yale na kuyasukuma nyuma, nyuma zaidi, mpaka yanapofika mkiani yanakosa njia na kujikunja. Ndio ule mkunjo mwembamba unaoanzia kati ya karatasi na kukimbilia kona ya nyuma. Ukiukunjua kwa kucha unakuta mstari mweupe ambao wino haukuugusa. Nimeona fundi amekaa kutwa nzima akihangaika na presha ya silinda kwa sababu ya mstari huo. Angehangaika mwaka mzima asiuondoe, kwa maana hautoki kwenye silinda.

Wenzetu wa bara wana shida ya upande wa pili. Mtu anasafirisha karatasi kutoka pwani mpaka Dodoma wakati wa kiangazi, anazifungua mchana ule mkavu, na kingo zinatema maji upesi kuliko katikati. Kingo zinasinyaa na kukaza, tumbo la karatasi linalegea. Kichwani rangi zinakutana vizuri, mkiani zinaachana. Na hewa ikikauka sana karatasi hushika umeme wa msuguano. Zinang'ang'aniana, mashine inavuta mbili mbili, na upande wa kutokea hazipangiki hata uzigongegonge vipi. Hapo fundi hulaumu vikombe vya kunyonyea. Vikombe havina hatia.

Lakini turudi pwani, kwa kuwa huku ndiko vidonda vyangu viliko. Viwanda vyetu vingi havina mashine ya rangi nne. Vina ya rangi moja au mbili, na kazi ya rangi nne hupita mara mbili au mara nne. Leo rangi mbili, kesho rangi mbili. Katikati kuna usiku, na usiku ndio mwizi wenu. Chukua karatasi ya milimita 640 kwa 900. Ikitanuka sehemu moja tu katika elfu, ule upande wa 640 umeongezeka milimita 0.64. Mtaniambia hicho ni kitu gani. Haya, chukueni lenzi muitazame picha. Picha iliyotengenezwa kwa mistari 150 kwa inchi, nukta na jirani yake zinaachana kwa milimita 0.17. Karatasi iliyokua milimita 0.64 imeruka nukta zaidi ya tatu. Alama zenu za msalaba upande inaposhikwa zitakaa moja juu ya nyingine, na upande wa pili mtaona misalaba miwili inachungulia. Hakuna skrubu mashinani ya kuurudisha upande mmoja bila kuuharibu mwingine.

Mwisho wa mwaka mmoja, kiwanda ambacho sitakitaja kilipata kazi kubwa ya kalenda. Mnajua kalenda zinapigwa lini: Oktoba, Novemba, mpaka Desemba, mvua za vuli zikiwa zimefungua. Rangi mbili za kwanza zilipigwa Ijumaa, chumba kikiwa na kiyoyozi, kazi safi kabisa. Jioni wakazima umeme wote kubana matumizi, wakafunga, wakaenda zao. Lundo likabaki wazi siku mbili ndani ya chumba kinachorudi taratibu kwenye unyevu wa nje. Jumatatu wakapiga rangi mbili zilizobaki. Yule dada wa kwenye picha akawa na midomo miwili, mmoja mwekundu na mwingine kivuli chake. Mteja akakataa mzigo wote. Karatasi mpya zikanunuliwa, usiku ukalaliwa kiwandani, faida ikaliwa yote, na fundi mashine akafukuzwa. Stoo iliachwa vilevile. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma kuliko midomo ya dada.

Msidhani shida hii ni yetu peke yetu, au kwamba nimeizusha kwa uzee. Mwaka 1902, huko Brooklyn, New York, kulikuwa na kiwanda cha uchapaji kiitwacho Sackett-Wilhelms. Kiangazi cha kule kina joto la unyevu linalofanana na letu, na rangi zao zilikuwa haziingiani kwa sababu hiyo hiyo: karatasi zilivimba na kusinyaa kati ya rangi moja na nyingine. Wakaomba msaada. Mhandisi kijana wa miaka 25, Willis Carrier wa kampuni ya Buffalo Forge, akapewa kazi, na Julai mwaka huo akakamilisha michoro ya mtambo unaopitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili kuikamua unyevu wake. Kiwango walichokitaka kilikuwa asilimia 55 mwaka mzima. Huo ndio mwanzo wa kiyoyozi cha kisasa.

Sikieni vizuri, ndugu zangu wenye viwanda. Kiyoyozi mnachojifungia nacho ofisini hakikubuniwa kwa ajili ya jasho lenu. Kilibuniwa kwa ajili ya karatasi. Leo hii naingia kiwanda baada ya kiwanda, nakuta bosi anatetemeka kwa baridi nyuma ya meza yake, na karatasi zimelazwa chini ya bati, kwenye joto na mvuke, upande wa choo. Mali imewekwa pasipo heshima, halafu inadaiwa heshima mbele ya mteja.

Jambo la wino nalo nilitaje, lisije likasahauliwa. Wino wa kawaida wa mashine zetu hukauka kwa njia mbili. Sehemu yake hunyonywa na karatasi, na sehemu hukutana na oksijeni ya hewa na kuganda. Karatasi iliyojaa unyevu huichelewesha ile hatua ya pili. Ukiongeza na maji ya mashine yenye asidi kupita kiasi, unaweza kurudi kesho na kukuta wino bado unakuja na kidole. Fundi akipanga lundo refu, uzito unakandamiza, na picha ya karatasi ya chini inajipiga mgongoni mwa karatasi ya juu. Mnamwaga poda nyingi, poda inakwaruza, laminesheni inakataa kushika. Ugonjwa ulikuwa mmoja, mmeutafutia dawa nne.

Na kuna karatasi ya ati, ile yenye mng'aro. Hiyo maji yakiifikia hasa, hata ya bati linalovuja usiku mmoja, ule udongo laini uliopakwa juu yake hulainika kisha hukauka ukiwa umezigandisha karatasi pamoja. Hazibanduki tena. Rimu nzima imekwisha. Karatasi ya kawaida ikilowa utaianika ikauke, lakini haitarudi ilivyokuwa. Itabaki na makunyanzi yake.

Sasa mtauliza, mzee, tufanye nini? Nitasema polepole, na yote nitakayosema yako ndani ya uwezo wenu.

Kwanza, pokeeni karatasi kama watu mnaojua thamani yake. Sehemu kubwa ya karatasi zetu za kuchapia zinakuja kwa meli. Kontena linapigwa jua mchana na baridi usiku, na dari lake la chuma hutoa jasho ndani. Mzigo ukishuka, msiutie sahihi kwanza. Kagueni kona za paleti, nailoni iliyochanika, michirizi ya maji juu ya makaratasi ya kufungia. Halafu mnapoutoa bandarini au dukani, msiupakie kwenye kirikuu kisicho na turubai mkaomba mvua isinyeshe. Mvua ya vuli haiombwi.

Pili, karatasi isiguse sakafu wala ukuta. Saruji hupitisha unyevu wa ardhini hata kama inaonekana kavu. Paleti ya mbao inatosha, na kati ya paleti na ukuta iachwe nafasi mtu mzima apite. Nafasi hiyo itawasaidia pia kumwona mchwa kabla hajafika, kwa sababu mchwa hupanda ukutani kimyakimya, na ukija kuiinua rimu unainua ganda tupu. Panya naye anapenda stoo isiyopitiwa. Dirisha linaloingiza jua lizibwe. Karatasi ya gazeti hugeuka njano upesi ikikaa kwenye mwanga, na joto la upande mmoja wa lundo huvuruga unyevu wa lundo zima.

Tatu, na hili ningeweza ningeliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: msichane ganda la rimu mpaka fundi awe tayari kulisha mashine. Lile ganda lenye nailoni ndani kiwanda kimeliweka kuzuia unyevu. Kijana wa stoo hulichana mapema ili aonekane amechapa kazi. Anachofanya ni kuivua nguo karatasi kwenye mvua. Ikibaki nusu rimu, ifungwe upya siku hiyo hiyo kwa nailoni nzito na utepe, iandikwe aina, uzito na tarehe. Gazeti halizuii kitu, nalo ni karatasi, linakunywa pamoja na wenzake.

Nne, ipeni karatasi muda wa kuzoea chumba ikiwa bado imefungwa. Hapa pana mtego ambao hata mwenye kiyoyozi huuingia. Mtu anatunza karatasi zake kwenye stoo ya baridi, nyuzi 22, vizuri kabisa. Siku ya kazi anazitoa mbio, anazifungua kwenye chumba cha mashine chenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75. Hewa ya namna hiyo huanza kudondosha maji ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Kwa hiyo kingo za karatasi zake zinapata umande, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na alikuwa ametumia fedha nyingi kuzitunza. Zihamishwe mapema, zikae na ganda lake siku nzima, na paleti kubwa siku mbili au tatu, mpaka joto la ndani lilingane na la chumba. Ndipo zifunguliwe.

Tano, kama mna kiyoyozi chumba cha mashine, kiacheni kifanye kazi usiku pale ambapo kazi imeishia katikati. Kama umeme unawauma, na najua unauma, basi funikeni lundo lote kwa nailoni mpaka chini ya paleti, mlizungushie kamba. Fanyeni hivyo kila jioni, hata kama mnarudi baada ya saa mbili. Kubwa zaidi, pangeni kazi ili rangi zote zipite siku moja. Mashine ya rangi mbili inaweza kumaliza kazi ya kadi elfu chache asubuhi na alasiri, wino ukiruhusu. Kinachowachelewesha ni kuruka kutoka kazi ya mteja huyu kwenda ya yule.

Sita, wekeni kipima unyevu. Kimoja stoo, kimoja chumba cha mashine. Vipo vya bei nafuu kabisa siku hizi. Shirika la Kimataifa la Viwango linapimia karatasi katika nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 50, na chumba cha uchapaji kikikaa kati ya asilimia 45 na 60 bila kurukaruka, kazi inakwenda. Asubuhi za masika mtaona mshale umepanda mpaka karibu na 90. Msiogope kuutazama. Uandikeni kwenye daftari pamoja na jina la kazi na tatizo lililotokea. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litawafundisha kuliko mimi.

Saba, ndio lile nililosema nitalirudia: mjue nyuzi za karatasi zimelala wapi. Lebo nyingi za rimu hutaja mwisho kipimo cha upande unaofuata nyuzi, au hukipigia mstari. Kama lebo imepotea, kata kipande kidogo, lowesha upande mmoja, utakiona kinajikunja bomba. Bomba lile limelala kufuata nyuzi. Kwa kazi ya rangi nyingi, ilisheni karatasi nyuzi zikiwa sambamba na urefu wa silinda. Karatasi ikitanuka, sehemu kubwa ya kutanuka itafuata mzunguko wa silinda, na huko fundi anaweza kurekebisha kwa kubadilisha karatasi za kujazia chini ya bamba na chini ya blanketi. Ikitanuka kwa upande mwingine, hana la kufanya. Mkisharuhusu gilotini ikate mradi ukubwa umetosha, rimu moja ikienda hivi na nyingine vile, mmechanganya tabia mbili ndani ya kazi moja.

Mwenye kiwanda kidogo ataniambia, mzee, hayo ni ya matajiri. Hapana, mwanangu. Mnyonge hana kiyoyozi lakini ana nailoni, ana paleti alizookota, ana utaratibu wa kununua karatasi ya kazi ya wiki hii badala ya kulundika ya miezi sita kwa sababu bei ilishuka. Karatasi ya bei rahisi iliyokaa masika mawili kwenye ghala la mtu usiyemjua si rahisi tena. Tena kuna kazi zisizojali sana. Risiti, fomu na vipeperushi vya rangi moja vinavumilia. Karatasi iliyoyumba kidogo ipangieni kazi hizo, na ile iliyotunzwa wekeeni kitabu cha shule, kalenda na picha ya bibi harusi.

Nina neno pia na mteja, maana naye ana mkono wake humu. Unaleta kazi Jumatano jioni, unataka Ijumaa asubuhi, na umekuja na karatasi zako mwenyewe kwenye buti la gari, umezinunua Kariakoo mchana kwenye jua. Fundi akikuambia ziache zipumzike mpaka kesho, unaona anakuzungusha. Hakuzungushi. Msikilize, au uyapokee yatakayotoka.

La mwisho ni la mtu, kwa sababu ushauri wote huu hautendeki bila mtu wa kuutenda. Katika viwanda vingi funguo za stoo anapewa mpwa wa bosi aliyekosa kazi nyingine, asiyefundishwa lolote, analipwa kidogo kuliko wote na kutumwa chai. Mtu huyo ndiye anayeshika mali yenu kubwa. Katika kazi ya idadi kubwa, karatasi ndiyo inayokula fedha kuliko wino, bamba na ufundi. Mfundisheni. Mwambieni kwa nini, msimwambie tu afanye. Mpeni daftari na kipima unyevu, na fundi akigombana na rangi, waiteni wote wawili mezani, mtu wa stoo na mtu wa mashine. Msimfukuze fundi kwa dhambi ya paleti.

Haya wanangu, sina jipya la kuongeza, na mwakani masika yatakuja tena kama kawaida yake. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mota, ingieni stoo. Inueni rimu zilizo sakafuni, fungeni zilizo wazi, tazameni kingo kwa ubavu. Haitachukua hata saa moja. Karatasi ikilala pazuri, fundi wa kawaida atatoa kazi nzuri. Ikilala pabaya, hata fundi bingwa atatoa visingizio tu, na mteja hanunui visingizio.